Siku Isiyo na Kilomita

Leo daftari halina hesabu.
Kila jioni, tangu Voi, nimeandika kilomita
kama mwenye duka anayeandika madeni:
kumi na nane, ishirini na moja,
tisa tu (mvua, Kiboko).
Leo naandika: Pangani. Kitanda. Sifuri.

Mdogo wangu Mwakio bado anakoroma,
miguu imechungulia nje ya shuka
kama watoto waliokatazwa kutoka.
Namhesabia malengelenge: manne,
na ukucha mmoja unaotaka kuhama.
Bafuni maji ya moto yanaanza kwa kikohozi,
yananiteremka mekundu, halafu kahawia,
halafu, nimekwisha kata tamaa, meupe.
Najuana upya na magoti yangu.

Gikomba: soksi za sufu, za mtumba, pea tatu.
Muuzaji anazivuta kama manati
kuonyesha bado zina pumzi.
Njugu. Unga wa wimbi. Chumvi.
Betri nne, uzi wa gunia, sindano nene.
Mwakio anaongeza mananasi mawili.
"Nani atayabeba?"
"Tumbo."
Tunayala tumesimama, maji yakitutiririka viwikoni,
tukitazamwa na msukuma mkokoteni
ambaye hutushinda kwa mwendo kila siku ya Mungu
wala hana daftari.

Kasiva, fundi viatu, upande wa Kariokor,
anakipindua kiatu changu, anakisoma unyayo.
"Umetoka wapi na hiki?"
"Voi."
"Gari liliharibika?"
"Hatukupanda."
Anamtazama Mwakio, ananitazama mimi,
anaamua kutuamini nusu.
"Basi nauli hiyo mtanilipa mimi."

Kisu chake kinaingia kwenye mifereji ya soli
na safari inadondoka juu ya gazeti, kinyumenyume:
vumbi la simenti, la juzi, la Athi River;
udongo mweusi wa Kapiti, mkaidi,
unaokatika kama ugali uliolala;
uzi wa mkonge wa Kibwezi;
kokoto ya reli, kali kama jino;
na chini kabisa, pembeni mwa kisigino,
wekundu wa nyuma ya jiko letu.
Nasema, "Huo uache."
Kasiva haulizi. Anaumiminia gundi,
anaufunika kwa kipande cha tairi, anashona.
"Mia nne," anasema. "Na hamsini ya siri."

Mchana, juu ya paa la Bi Zeituni,
nguo zetu zinakauka katikati ya nguo za wageni wengine.
Chai ina iliki mpaka puani.
Sina la kufanya, na mwili haupendi:
misuli ya ndama inarukaruka yenyewe,
inauliza mbona hatuendi.
Namkumbuka baba. Shirika lilimpa maili sita za reli
azilinde kwa nyundo na spana,
miaka thelathini, maili zile zile,
asubuhi kwenda, jioni kurudi.
Nimewahi kumpigia hesabu:
alifika Kisumu zaidi ya mara mia mbili
bila kuiacha Voi.
Ziwa hakuliona.

Jioni mwenye bucha anatukubalia mizani.
Begi linaning'inia kwenye kulabu
mahali alipokuwa mbuzi,
na wateja wanatoa maoni juu ya mafuta yake.
Kilo kumi na tatu, na robo.
Nilikuwa nimepanga kumi na moja.
Natoa kitabu, natoa sufuria ya pili,
natoa sweta la subira ambalo sijalivaa tangu Mtito.
Bado sindano inakataa kushuka inavyopasa.
Mwakio anatazama barabara kwa bidii.

Usiku godoro linanimeza; nahamia sakafuni.
Kesho ni Kikuyu, kisha ukingo wa Bonde,
na magoti haya mapya yatajua.
Viatu viko mlangoni, vimeelekea nje.
Jiji linapiga honi zake mpaka linachoka.
Gizani, kutoka upande wa begi,
pananukia nanasi.